NYEUPE YA CHAKULA NA NYEUPE YA MASASI
Maoni ya wanafunzi wa mwaka wa tano, Saio

Tunaomba fasi kidogo katika gazeti letu juu ya jambo moja ambalo limeleta maneno mingi shuleni tangu muhula huu ulipoanza. Ni jambo la ndege zinazopita juu ya vichwa vyetu, na alama zilizopakwa juu ya ndege hizo.

Wengine watasema: Ndege? Nanyi mnaacha masomo munaandika juu ya rangi ya ndege? Tunajibu: ndiyo. Sisi wa Saio hatukuomba kujua ndege. Uwanja wa ndege uko karibu, na tangu utoto masikio yetu yamejifunza. Mtoto wa Bunia anajua kutofautisha mvumo wa elikopta na mvumo wa ndege ya panga-boi mbili, kama vile mtoto wa Kasenyi anavyojua kutofautisha samaki. Lakini kusikia si kujua, na njo hapo maneno yetu yanaanza.

Acheni tueleze kilichotokea. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili wanatengeneza ndege kwa makopo ya maziwa, waya na mipira ya ndara za zamani. Ni kazi nzuri ya mikono. Hapo mwanzo ndege zote zilikuwa bati tupu. Kisha mmoja akaiba chokaa akapaka yake nyeupe, akaandika UN kwa makaa. Mwingine akapaka duara ya rangi tatu. Mwingine akaandika herufi za kikundi kimoja cha silaha ambacho hatutakitaja hapa, kwa maana hakistahili wino wetu. Siku ya tatu hawakuwa tena watoto wenye ndege, walikuwa majeshi matatu. Siku ya nne mmoja akapasuliwa nyusi kwa kipande cha bati. Bwana Prefe akakamata ndege zote, akazifungia katika kabati, na katazo likatoka: hakuna ndege tena shuleni.

Sisi tunaheshimu katazo la Bwana Prefe. Lakini tunaona kwamba bati halikumpiga mtoto juu ni bati. Lilimpiga juu ya alama. Basi afadhali tujifunze alama ni kitu gani.

Alama ya ndege ilitoka wapi

Ndege za kwanza za vita hazikuwa na alama ya maana. Askari waliokuwa chini walipiga kila kitu kilichoruka, hata ndege za ndugu zao. Ufaransa ndiyo iliyoanza, mwaka 1912, kupaka duara za rangi za bendera yake: bluu katikati, halafu nyeupe, halafu nyekundu pembeni. Vita vya 1914 vilipoanza Waingereza walipaka bendera yao juu ya mabawa. Lakini ile bendera ina msalaba mwekundu, na ukiwa mbali msalaba ule unafanana na msalaba mweusi wa Wadachi. Waingereza wakapigwa na watu wao wenyewe. Kabla mwaka 1914 haujaisha wakaacha bendera, wakachukua duara ya Wafaransa na kuigeuza: nyekundu ikawa katikati, bluu ikawa pembeni. Wabelgiji nao wakatumia duara yenye rangi zao, nyeusi, njano na nyekundu.

Marekani waliona shida ileile. Alama yao ilikuwa nyota nyeupe ndani ya duara ya bluu, na katikati ya nyota kulikuwa tone jekundu. Walipoingia vitani na Japani, ambayo alama yake ni duara jekundu, lile tone likawa hatari. Mwezi wa Mei 1942 wakalifuta. Tone dogo la rangi, ndugu wasomaji! Lakini lingeweza kuua rubani.

Basi kazi ya kwanza ya alama si kupendeza macho. Ni kujibu ulizo moja tu, tena upesi: Huyu ni nani? Alama isiyojibu ulizo hilo ni mapambo tu. Na alama inayojibu kwa maneno mawili ni mbaya kuliko kukosa alama.

Alama katika nchi yetu

Nchi yetu imebadilisha rangi mara nyingi, na ndege zimebadilika pamoja nayo. Katanga ilipojitenga mwezi wa Julai 1960, ilikuwa na bendera yake yenye misalaba mitatu ya rangi ya shaba, na ndege zake zikachukua alama za Katanga. Mwezi wa Septemba 1961 ndege moja tu ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ilisumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa ukaleta ndege zake za vita: Saab kutoka Uswidi, Canberra kutoka India, Sabre kutoka Etiopia. Hizo hazikupakwa nyeupe kama hizi tunazoziona leo.

Kisha vita vya Simba vya 1964 na 1965, ambavyo babu zetu wa Bunia wanavikumbuka vizuri. Mwezi wa Machi 1965 askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walitoka hapa Bunia kwenda Mahagi, Aru na kuelekea mpaka wa Sudani. Ndege zilizosaidia serikali wakati ule, T-28 na B-26, nyingi ziliendeshwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Kikosi cha B-26 kilikuwa na chapa ya ng'ombe dume na neno Makasi, maana yake nguvu kwa Kilingala. Angalieni mambo hayo: ndege ya Marekani, rubani Mkuba, jina la Kilingala, na aliyepigwa chini ni Mkongo. Ulizo «Huyu ni nani?» lilijibiwa nini pale?

Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, bendera ikawa ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 jina la Kongo likarudi, na bendera ya bluu yenye nyota. Mwaka 2006, pamoja na Katiba mpya, ikaja bendera hii ya leo, bluu ya mbingu yenye mstari mwekundu na nyota ya njano. Kila mara wapaka rangi wa jeshi walipata kazi. Lakini alama moja ndogo iko, ambayo wachache wanaitambua. Ndege za raia za Kongo huandikwa 9Q, na ndege za serikali za jeshi huandikwa 9T. Uganda ni 5X, Kenya ni 5Y, Tanzania ni 5H. Mtu anayejua herufi hizo anaweza kusoma ndege kama vile anavyosoma namba ya gari. Tuliwauliza wenzetu arobaini na wawili wa darasa letu, na waliojua 9T walikuwa watatu.

Nyeupe ilivyokuja Bunia

Sasa tuje kwetu. Watu wazima wa Bunia hawawezi kusahau mwaka 2003. Askari wa Uganda, waliokuwa hapa tangu 1998, waliondoka mwezi wa Mei, na mji ukaingia katika damu. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama likakubali kikosi cha haraka, na mwezi wa Juni Umoja wa Ulaya ukakileta, Ufaransa ikiwa mbele. Waliita kazi hiyo Artemis. Ndege zake zilizoshuka hapa hazikuwa nyeupe. Zilikuwa na rangi za jeshi na alama za nchi zao, kwa maana hawakuwa askari wa kofia za bluu. Tarehe 1 Septemba 2003 MONUC ikashika kazi, na tangu hapo nyeupe ikawa rangi ya mbingu ya Bunia. Mwaka 2010 MONUC ikageuka MONUSCO, lakini nyeupe ikabaki.

Nyeupe hii ina sababu nzuri. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba jeshi hupaka ndege rangi ya majani ao ya udongo ili ijifiche, lakini mwenye kuleta amani hajifichi. Anataka aonekane kutoka mbali, na adui na rafiki wajue kwamba anakuja. Kwa hiyo nyeupe, na herufi mbili kubwa nyeusi: UN. (Wadogo zetu wa shule ya msingi husoma herufi hizo kwa Kifaransa, «un», wanauliza ndege ya pili iko wapi. Tunacheka, lakini hata hilo linaonyesha kwamba alama huandikwa kwa lugha ya mwenye ndege, si ya anayeitazama.)

Lakini nyeupe haikubaki rangi ya kubeba askari na magunia tu. India ilileta katika MONUC elikopta za mashambulizi, zile nzito za Kirusi, na zilifanya kazi hata hapa Ituri. Mwaka 2013 Afrika ya Kusini ilileta elikopta zake Rooivalk, ambazo zilipiga M23 kule Rutshuru mwezi wa Novemba. Kwao nyumbani Rooivalk ina rangi ya majani na udongo. Hapa kwetu ilipakwa nyeupe. Ni mnyama yuleyule, meno yaleyale, ngozi nyingine.

Na sasa hesabuni nyeupe nyingine. Ndege za chakula na za wafanyakazi wa misaada, zinazoongozwa na PAM, ni nyeupe. Ndege ya Msalaba Mwekundu ni nyeupe. Hata ndege ndogo za misioni zinazobeba wagonjwa na madawa zina nyeupe nyingi. Kutoka chini, jua likiwa machoni, mama aliye katika shamba la mihogo atasoma herufi ngapi?

Shida tunayoiona

Tulikwenda kuuliza. Mama mmoja anayeuza sombe karibu na shule, ambaye alikimbia kijiji chake katika Djugu, alituambia hivi: «Sisi kule tukisikia elikopta tulikuwa tunaulizana: ni ya chakula ao ni ya masasi? Ukikosa jibu, unakimbia. Watoto wangu walikimbia hata ile ya chakula. Tukalala njaa juu ya kukimbia chakula.»

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza alimjibu: «Mama, na sisi tulifanya kinyume. Tulizoea nyeupe, tukasema ni ya kutusaidia, tukatoka nje kuangalia. Siku ile ilikuwa inapiga watu wa silaha waliojificha kati yetu.»

Hatujui kupima maneno ya wazee hao wawili kwa mita na kilo. Lakini tunaona kwamba yote mawili yanatoka katika kosa moja. Rangi moja imepewa kazi mbili. Mmoja alikimbia mkate, mwingine akasimama mbele ya moto, na wote wawili walikuwa wanatazama nyeupe ileile.

Maoni yetu

Kwa hiyo sisi wanafunzi wa mwaka wa tano tunasema wazi: elikopta yenye bunduki na roketi haipaswi kufanana na elikopta yenye magunia. Hatusemi ipakwe rangi ya kujificha. Iendelee kuonekana. Lakini ipewe alama moja kubwa ambayo mama asiyejua kusoma ataitambua: mkanda wa rangi kwenye mkia, ao tumbo la rangi nyingine, kwa maana sisi tunaona ndege kutoka tumboni, si kutoka ubavuni ambako herufi zinaandikwa vizuri. Mwaka 1944 majeshi yaliyoshuka Ufaransa yalipakwa mistari myeupe na myeusi juu ya mabawa yote, ndege maelfu, kwa siku chache tu. Basi haiwezi kushindikana kwa elikopta chache za Kongo.

Tulipozungumza jambo hili katika mabishano ya Jumamosi, wenzetu wa mwaka wa sita walitupinga vikali, na ni haki tuandike hoja zao.

Walisema kwanza: mkitia alama juu ya ile ya vita, watu wa silaha watajua ile isiyo na alama haina bunduki, wataipiga bila hofu. Hoja hii ilitunyamazisha kwa muda. Lakini tunajibu: leo hii wanapiga vilevile. Tarehe 29 Machi 2022 elikopta ya MONUSCO ya Wapakistani ilianguka Rutshuru, na watu wanane wakafa. Mwezi wa Februari 2023 elikopta ya Afrika ya Kusini ilipigwa risasi ikiwa hewani, askari mmoja akafa, na ilikuwa nyeupe. Nyeupe si ngao. Na sisi tunaona kwamba anayepiga ndege ya chakula huku akijua ni ya chakula, dhambi yake ni wazi na hukumu yake ni nyepesi kutolewa. Lakini anayepiga nyeupe anaweza kusema kila siku: nilidhani ni ya vita. Kwa nini tumwachie udhuru huo?

Walisema pili: rangi haiponyi vita. Hapo tunakubaliana nao kabisa. Tarehe 24 Januari 2023 ndege ya vita ya Kongo, Sukhoi 25, ilipigwa kombora karibu na Goma. Rwanda ilisema ndege iliingia mbingu yake, Kongo ikasema ilikuwa katika mbingu ya Kongo. Alama ya ndege ilijulikana na wote, hakuna aliyeuliza ni ya nani. Waliulizana ilikuwa wapi. Basi alama inasema «mimi ni nani», haisemi «nimesimama fasi gani», wala «nimekuja kufanya nini». Tusidai kwa rangi kile ambacho ni kazi ya watu.

Walisema tatu: ninyi ni watoto wa shule, nani atawasikiliza? Hilo hatuna jibu. Labda hakuna. Lakini mambo yaliyo juu ya vichwa vyetu tuna haki kuyasema, hata kama sauti yetu haifiki juu.

Na sisi je?

Tusiseme juu ya wakubwa tu. Turudi kwenye kabati la Bwana Prefe. Yule mdogo wetu aliyeandika herufi za kikundi cha silaha juu ya bati lake, tulimwita tukamuuliza kwa upole. Hakujua maana ya zile herufi. Aliziona juu ya ukuta wa nyumba iliyoungua, akazipenda juu zilikuwa zimeandikwa vizuri. Na yule aliyempiga, yeye alijua maana yake vizuri sana, kwa maana zile herufi ziliingia kwao usiku. Mmoja alipaka mapambo, mwingine akasoma kifo. Tangu siku ile hatuwezi tena kusema kwamba alama ni mchezo wa watoto.

Sisi hapa Saio tunaishi pamoja, wa kabila hili na la lile, tunakaa benchi moja, tunakula muhogo wa sahani moja. Ukipaka alama ya kundi juu ya daftari, juu ya ukuta wa choo, juu ya bati, unamwambia mwenzako: «Huyu ni wetu, yule si wetu.» Duara ya ndege iliundwa ili watu wasipigane na ndugu zao. Sisi tunaigeuza ili tupigane nao.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu, kwa heshima.

Kwa Bwana Prefe: tunaomba ndege za watoto zifunguliwe kabatini. Zirudishwe bila rangi, bati tupu, ao zipakwe rangi moja kwa shule nzima. Sisi wakubwa tutasimamia kazi hiyo Jumamosi, na chokaa tutanunua wenyewe.

Kwa walimu: tunaomba saa moja ya jeografia itumike kufundisha alama za ndege na herufi zake, 9Q na 9T na nyingine, tena alama ya Msalaba Mwekundu na sheria yake, kwamba haiwezi kuwekwa juu ya chombo cha vita. Mwenzetu mwenye mkono mzuri wa kuchora amekwisha kuanza karti kubwa ya ukutani.

Kwa wadogo zetu: elikopta ikipita, hata kama ni nyeupe, hata kama mumeona UN, musikimbie uwanjani kuipungia mkono. Ingieni darasani, kaeni chini, ngojeni ipite. Kisha njooni mutuulize ilikuwa ya nani, nasi tutajaribu kuwajibu.

Tunajua siku itafika MONUSCO itaondoka Ituri, kama ilivyoondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024, na nyeupe itapungua hapa juu. Askari wa Uganda wamekwisha kurudi Bunia mwezi wa Februari 2025, na rangi nyingine zinaweza kuja ambazo hatujazizoea. Wakati ule watoto wa Saio watainua tena macho na kuulizana: ni ya nani hii? Tunataka wakati ule wawe na jibu, wala wasiwe na miguu ya kukimbia tu.

Atakayekuwa na maoni tofauti aandike, asiogope. Gazeti hili ni la sisi wote, na ukurasa wa nyuma bado uko mweupe.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tano.